Fundi Asiyemwaga Maji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo humaanisha kwamba wanaipenda familia. Mimi namaanisha kwamba nikifika langoni naanza kukumbuka kitu nilichosahau ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda Nairobi kutafuta kazi, na baada ya wiki tatu nikarudi nikisema nimekuja kuchukua godoro. Godoro bado liko hapa, na mimi niko juu yake, mwaka wa ishirini na kitu sasa.

Kwetu ni upande wa Kambu, ukiiacha barabara kuu ya Mombasa na kuingia ndani mwendo wa saa moja kwa miguu. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu Wakamba mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na wazazi. Desturi hiyo ilinikaa kama shati la kushonewa. Wengine hubaki kwa sababu ya desturi. Mimi ningebaki hata kama desturi ingekataza. Baba alipofariki tukawa wawili tu bomani, mimi na mama yangu, ambaye kwa Kikamba namwita Mwaitu. Yeye huniita majina mengi, kulingana na kazi iliyonishinda siku hiyo.

Halafu figo za Mwaitu zikaanza kuchoka. Hospitalini wakatuambia aache chumvi kabisa. Chumvi ya sufuria si kazi kuiacha, unasahau tu kutia. Taabu ilikuwa maji. Kisima cha mashine tunachonunua maji sisi sote huku kina chumvi hivi kwamba ukipika chai maziwa yanakatika vipandevipande, na sabuni ukiisugua haitoi povu, inatoa matusi. Daktari akauliza, "Anakunywa maji gani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

Kwa hiyo Mwaitu akawa anakunywa maji ya mvua peke yake. Tuna tangi la plastiki la lita elfu kumi, limesimama kwenye kona ya nyumba, linalishwa na mabati. Mvua kubwa huku ni ile ya mwisho wa mwaka. Ile ya mwezi wa nne hupita kama mgeni asiyetaka kuketi. Tangi likijaa Desemba, basi hayo ndiyo maji mpaka Novemba nyingine. Mbuzi, kuoga na kufua ilikuwa kazi ya kisima. Tangi lilikuwa la kikombe cha Mwaitu na sufuria ya Mwaitu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kitui mjini, anakaa ghorofa ya tatu. Tangu siku ya daktari alitaka kumchukua mama.

"Nikakae juu huko kama kuku aliyepanda mti?" Mwaitu akamuuliza. "Nikitaka kuona ardhi nichungulie?"

Wakabishana siku mbili. Mwishowe dada akatoa hukumu akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani. "Sawa. Maji ya mvua yakiwapo, utakaa hapa na huyu mlinzi wa godoro. Siku yatakapoisha, nakuja na gari, na sitaki kelele."

Mwaitu akakubali. Mimi pia nikakubali, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Hapo lazima niseme jambo la watu wa kwetu, jambo ambalo hatulisemi. Huku mtu hamwambii mwenzake tangi lake limefika wapi. Ukiulizwa, hata kama limefurika jana, unasema, "Yako chini tu." Si uchoyo, au si uchoyo mtupu. Ni kwamba mtu akikuomba maji huwezi kumnyima. Kumnyima mtu maji ni kitu utakachosimuliwa nacho mpaka wajukuu. Kwa hiyo hatunyimani, tunafichana. Na kwa kuwa tunajuana, mgeni akija hupita karibu na tangi kama aliyejikwaa, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likiitikia kwa sauti nzito, hapo pana maji. Likilia kama ngoma, ni tupu. Mimi nilikuwa nimelizungushia tangi letu magunia, nikawaambia watu ni ya kuzuia jua.

Mwezi wa kwanza, tangi likiwa limejaa mpaka shingoni, jirani yetu alinikuta langoni. Ni mama mjane mwenye punda mmoja na watoto wanne, anavuta maji ya chumvi kila siku.

"Mvua iliwakumbuka?" akaniuliza.

"Yako chini tu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Alinionea huruma mimi.

Wiki ile ile tangi likaanza kuvuja. Ilikuwa chini, pale mfereji wa kuchotea unapoingia. Mwanzo lilikuwa tone tu, nikaweka beseni. Beseni likijaa tunapikia, nikajiona mtu wa akili, nimepata mfereji unaojifungua wenyewe. Baada ya siku chache tone likawa uzi, na beseni likawa linajaa kabla sijamaliza kunywa chai. Nikajaribu kukaza nati kwa mkono. Uzi ukawa nyuzi mbili. Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kiti chake barazani, miguu juu ya kigoda, ananitazama.

"Usiliguse tena," akasema. "Linakuogopa, linakojoa."

Ikabidi kutafuta fundi. Na mafundi walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi ng'ambo ya korongo. Yeye ni fundi wa kila kitu. Huunda vitanda, hushona viatu, hufufua redio, huezeka mabati, na wakati mmoja alimng'oa ng'ombe jino ingawa hakuna aliyemwomba. Ndiye aliyelisimamisha tangi hilo lilipoletwa. Kumwita mtu mwingine kulikuwa sawa na kumwandikia barua ya kumfukuza katika ukoo.

Wa pili alikuwa plamba, fundi wa mabomba wa kweli, Kibwezi mjini, mwenye cheti ukutani na duka la vifaa. Ni mzee wa Kiislamu, babu yake alipanda kutoka pwani zamani na hawakurudi. Kiswahili chake kinateleza hivi kwamba wewe unaona haya kufungua mdomo. Mwaitu ndiye aliyesema aitwe.

"Mwite Mswahili," akasema. "Aje aangalie. Kuangalia hakumwagi kitu."

Akaja kwa pikipiki, kofia kichwani, begi la ngozi begani. Kabla hajaketi akatoa magunia yangu, akagonga tangi juu, kati na chini, akatabasamu.

"Mashallah! Limejaa hadi kooni!"

"Punguza sauti, mzee."

"Kwani kuna mgonjwa amelala?"

"Kuna majirani."

Akanitazama kwa muda, halafu akachuchumaa. Akapitisha kidole kuzunguka mfereji polepole, kama anayepima homa ya mtoto.

"Sikiza, mwanangu. Mpira wa ndani umekufa. Uko ndani, si nje, na ili niufikie lazima maji yatoke. Halafu tazama hii plastiki, imepauka, jua limeila. Ukiisokota nati hii tumbo likiwa limejaa, itakupasukia mkononi."

"Hakuna njia ya kufanya bila kuyatoa?"

"Unatafuta fundi au mchawi?"

Kutoka barazani nikasikia Mwaitu akicheka. Yule mzee akasimama, akatazama chini bondeni. Kanisa letu liko pale, hatua mia mbili hivi, na ubavuni mwake kuna tangi kama letu. Upepo uling'oa mitaro ya paa mwaka uliopita na kamati bado inaiombea.

"Lile lina maji?"

"Halina."

"Basi shida iko wapi? Nitakuja na mpira mrefu, maji yateremke yenyewe mpaka kwa wenzenu. Nibadilishe hapa kitu kizima, nitie kiraka pale palipopauka, halafu nije na pampu niyarudishe. Siku mbili. Utapoteza labda ndoo ya kunawia."

Lilikuwa jambo rahisi, hata mtoto angelielewa. Nikamwambia, "Nitakupigia, mzee." Na kila mtu katika nchi hii anajua maana ya nitakupigia. Akafunga begi lake bila kinyongo, akamuaga Mwaitu kwa adabu zote, akaenda.

"Amesema nini?" Mwaitu akaniuliza.

"Amesema yamwagwe."

"Hakusema hivyo. Kilichovimba ni miguu, si masikio."

Nikaketi kwenye ngazi. Nikamweleza kwamba maji yakienda kanisani yatakuwa maji ya kanisa. Kwamba itabidi nimwendee mwenyekiti wa kamati, naye ataitisha kikao, na kikaoni nitaulizwa kwa nini wakati wa maombi ya mvua nilikuwa nasimama mbele nikilia kwa sauti. Kwamba mpira wa hatua mia mbili hauwezi kufichwa chini ya magunia.

"Watu wataona, Mwaitu."

"Wataona nini? Kwamba kulinyesha? Kulinyesha kwao pia, ila hawana tangi."

"Wataomba."

"Wakiomba utawapa. Hata wewe uliomba nikuweke, na tangu uje hufanyi kitu, na nimekuweka."

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimezoea kucheka hapo. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa mambo madogomadogo. Niliogopa kutoka nje ya lango kwenda kubisha hodi kwa mwenyekiti. Niliogopa uso wa yule jirani mwenye punda, atakapoona maji yakiteremka siku nzima kutoka kwa mtu aliyemwambia yako chini tu. Mtu mwingine angeogopa tangi kupasuka. Mimi niliogopa kusalimiana.

Siku ya tatu nikampigia simu mtoto wa mama mkubwa. Akaja na baiskeli, spana kubwa imefungwa nyuma kwa kamba ya katani, anapiga mluzi.

"Mama mdogo, hujambo!" akamwamkia Mwaitu kwa sauti ya kanisani.

"Sijambo. Wewe si ndiye uliyeunda kitanda changu?"

"Mimi mwenyewe, mama mdogo!"

"Basi ujue kila nikitaka kulala naomba mara mbili. Moja ya usingizi, moja ya kitanda."

Akacheka mpaka akashika goti. Ni mtu mzuri, hilo nataka lijulikane. Hana wivu, hana kinyongo. Akalizunguka tangi akilipapasa, akasikiliza habari za plamba, akatema mate pembeni.

"Hao watu wa cheti ni wa kutisha watu. Lazima amwage ndiyo uone kazi yake ni kubwa. Mimi tangu nianze ufundi sijawahi kumwaga tone la mtu."

Maneno hayo ndiyo yaliyoninunua. Nenda popote Ukambani, umwambie mwenye tangi lililojaa kwamba kuna fundi wa kumwaga na fundi wa kutomwaga, halafu uone atakayemchagua. Sisi tumelelewa hivyo. Maji ya kunawa mikono yanaosha sufuria, yaliyoosha sufuria yanaenda kwa mbuzi. Mkono wa mtu wa kwetu haujui kufungua mfereji na kuyaacha yaende.

"Amesema plastiki imepauka," Mwaitu akasema.

"Mama mdogo, hata wewe umepauka na bado uko imara."

Safari hii Mwaitu hakucheka. Akanitazama mimi. Alikuwa na kikombe chake cha chai mkononi. Akasema, bila utani wowote, "Hayo ni maji ya kukaa kwangu hapa." Angeweza kukataza, boma ni lake. Nadhani alitaka kuona kama, katika umri wangu, ninaweza kuamua kitu.

Nikaamua. Nikasema, "Fanya."

Mpango wake ulikuwa hivi. Alichonga kizibo cha mti, akakivika mpira wa tyubu ya baiskeli. Atafungua mfereji wa zamani pamoja na nati yake, mimi nitasukuma kizibo ndani papo hapo, yeye ataandaa mfereji mpya umeshafungwa mipira, nitatoa kizibo, atasokota mpya. "Kabla maji hayajajua," alisema. Aliniweka upande wa kulia, nimepiga magoti, kizibo mkononi kama mtu anayesubiri kumlisha mamba. Akabana spana, akakaza meno, akazungusha.

Haikuzunguka. Akapachika kipande cha bomba kwenye mkono wa spana kupata nguvu zaidi. Akazungusha tena.

Sauti ilikuwa ndogo. Ilikuwa kama mtu amevunja hindi bichi. Nikaona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ukipanda kutoka kwenye nati kwenda juu, na mwingine ukishuka chini, na kwa sekunde moja hakuna kilichotoka, nikafikiri labda ni uchafu. Halafu tangi likafunguka.

Maji yalinipiga kifuani yakaniketisha. Kizibo sijui kilikokwenda. Ndugu yangu alilikumbatia tangi kwa mikono yote miwili, shavu limegandamizwa kwenye plastiki, akipiga kelele, "Shika hapa! Shika!" Nikashika. Niliweka viganja vyangu viwili juu ya ufa uliokuwa mrefu kuliko mkono wangu. Maji yakapita katikati ya vidole vyangu kama hayajaona kitu. Nikavua shati nikalisokomeza. Maji yakalitoa yakaenda nalo.

Maji yakakata njia yake uani. Yakapitia jikoni, yakachukua majivu na kuni, yakapita chini ya lango, yakashika njia ya bondeni. Udongo wetu ni mwekundu na ulikuwa mkavu. Yalikuwa yakienda huku yakinywewa, na ardhi ilikuwa ikitoa mapovu kama kinywa cha mtoto.

Nilipogeuka nilimwona Mwaitu. Alikuwa amesimama. Alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu Krismasi. Alikuja kwa hatua zake mbovu mpaka kwenye ufa, akamwaga chai yake chini, akanyoosha kikombe. Kikajaa. Akabaki amekishika, hajui pa kukiweka, na maji yanapita juu ya miguu yake iliyovimba.

Majirani walisikia kelele wakaja mbio na chochote walichoshika, mitungi, sufuria, karai la kuchanganyia simiti. Hakuna aliyeuliza kitu. Watu walipiga magoti katika matope wakachota kwa vikombe, hata maji yaliyokuwa yamechanganyika na mbolea ya mbuzi. Jirani mwenye punda alikuja na mitungi miwili, akaiweka sawasawa chini ya ufa, ikajaa. Ulipofika wakati ambapo hakukuwa na kitu cha kuchota tena, akaibeba. Hakwenda nayo kwake. Aliipeleka mpaka mlangoni kwetu, akaitua.

"Ya mama," akasema. Akatazama ufa ulipoanzia na ulipoishia, juu karibu na kifua changu, akapima. "Kumbe mlikuwa na maji hivi."

Hakusema kwa hasira. Nilisubiri hasira, haikuja. Alikwenda zake kumfungua punda, maana ulikuwa wakati wa kwenda kisimani.

Ndugu yangu alikaa chini na spana mapajani. "Plastiki ilikuwa mbaya," alisema. Baada ya muda akarudia, "Ilikuwa mbaya." Siku tatu zilizofuata alikuja kila asubuhi na mtungi mmoja wa maji ya mvua kutoka kwake, baiskeli ikiyumba. Siku ya nne hakuja. Nilijua yake yameisha, naye ana watoto.

Dada hatukumwambia. Niliapa kwamba nitapata njia. Kuna chemchemi nzuri upande wa Kibwezi, nikapatana na mtu wa boda boda aniletee mitungi. Akaleta wiki mbili, kisha pikipiki yake ikafa, kisha yeye akapata kazi ya kubeba matikiti. Wa pili aliniletea maji, nikayaonja, yalikuwa ya kisima kile kile chetu, amenizungushia tu. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ni gumu kuliandika kuliko la tangi. Nilikuwa nimebaki na mtungi mmoja na nusu ya maji mazuri. Nikaanza kuyachanganya. Kikombe kimoja cha mvua, kimoja cha kisima. Baadaye kimoja kwa viwili. Nilimpikia chai ya rangi, nikisema maziwa yameadimika, ili asione yakikatika.

Alikunywa. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Alikuwa akishusha kikombe na kupitisha ulimi kwenye midomo, halafu ananitania kuhusu mambo mengine, nywele zangu, upishi wangu, mke nisiyekuwa naye. Nikaamini nimemdanganya. Mtu aliyekunywa maji ya eneo hili kwa miaka sabini, nikaamini kwamba hatambui chumvi.

Asubuhi moja viatu vyake vya kanisani vilikataa kuingia hata vidole. Uso nao ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo. Nikapiga magoti kumvua soksi, na alama za vidole vyangu zikabaki kwenye ngozi kama kwenye unga uliokandwa.

"Mpigie dada yako," akasema.

"Mwaitu, ngoja kwanza nitafute..."

"Nimengoja. Nilikuwa nakunywa ili tungoje wote wawili. Sasa mpigie."

Dada alikuja siku ya pili kwa gari la kukodi, kupitia barabara ya Mutomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejipangia na majibu. Hakunitukana. Alilitazama tangi lililopasuka, akaingia ndani, akaanza kukunja nguo za mama. Mimi na dereva tulimbeba Mwaitu kwenye kiti chake mpaka garini. Alikuwa mzito kwa yale maji mwilini na mwepesi kwa kila kitu kingine. Alipoketi akaomba dirisha lishushwe.

"Utakula nini?" akaniuliza.

"Nitapika."

"Maskini wewe," akasema. Gari likaondoka.

Yule plamba mzee alikuja mwezi wa tano. Safari hii nilimpigia kweli. Tangi lilikuwa tupu, hivyo hakukuwa na haja ya mpira wala pampu wala mwenyekiti. Alikata mahali palipopasuka, akachomelea kipande kwa moto, akatia mfereji mpya, na kazi yote ilichukua asubuhi moja. Hakusema "nilikuambia." Ningependa angesema. Aliuliza tu, "Yule mama yuko wapi?" Nikamwambia Kitui. Akasema Mungu amrahisishie, akafunga begi lake.

Mwisho wa mwaka mvua ilinyesha sana. Tangi likajaa likamwagikia juu, usiulize. Jirani mwenye punda huja kuchota jioni, mitungi miwili, wakati mwingine mitatu, na tunasalimiana. Magunia nilimpa afunike mahindi. Siku lilipojaa nilipiga simu Kitui kabla hata mabati hayajaacha kudondosha.

"Mwaitu, maji yamejaa. Mpaka juu. Mswahili amelitengeneza, halivuji hata tone."

Nyuma yake nilisikia televisheni na watoto wa dada.

"Ni vizuri," akasema.

"Nije nikuchukue?"

Dada ndiye aliyejibu, maana simu ilikuwa kwenye spika. Mama anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Hospitali iko karibu na nyumba. Kutoka kwangu ni safari ya nusu siku. Aliyasema hayo taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake kitu ambacho wote wawili wameshakisoma.

Kisha Mwaitu akarudi kwenye simu. Hakuzungumza habari ya maji wala ya mashine. Alitaka nimtumie sanduku lake la bati, lile lililo chini ya kitanda. Lina leso zake, Biblia yake ya Kikamba, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, na picha ya baba akiwa na nywele.

"Lote?" nikauliza. "Au nikutolee leso tu?"

"Lote, mwanangu. Na kufuli lake."

Nililipangusa vumbi, nikalibeba begani mpaka barabarani, mbali kuliko nilivyotembea mwaka ule wote. Nikatafuta gari la Kitui. Dereva alilipima uzito kwa mkono mmoja, akalipandisha juu, akaanza kulifunga kamba.

"Ni mzigo wa mtu anayehama?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.